Tope Miguuni

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, niliamka nikakuta tope limekaukia miguuni mwangu, na kuanzia siku ile nikaanza kumwogopa mtu ambaye hakunikosea lolote.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa katika mwaka wa pili wa ndoa hapa Kiwangwa. Babu yako Shabani alikuwa akifanya kazi ya chumvi huko Saadani, akirudi mwisho wa mwezi, na mimi nikiishi na mama yake, Bi Mwanahawa. Nilikuwa na mimba ya mama yako, miezi mitano. Na nilikuwa nimechoka. Sisemi uchovu wa mtu aliyetoka shamba, ule huondoka ukioga na kulala. Nasema uchovu unaolala nao na kuamka nao, magoti hayana nguvu, ukinyanyua ndoo moyo unakwenda mbio kama umefukuzwa. Nikiinama kufagia, uwanja unazunguka. Basi nilipoyaona yale matope nikajua, au nilidhani nimejua. Unajua wanavyosema watu wa kwetu: ukiamka umechoka kuliko ulivyolala, kuna mtu anakuchukua usiku kukulimisha shambani kwake, na asubuhi anakurudisha kitandani bila wewe kujua.

Na mwenye shamba zuri kuliko wote alikuwa ni mama mkwe wangu.

Tatu, mjukuu wangu, nakuita mwanangu kwa sababu ndimi niliyekulea. Naandika haya kwenye daftari leo Jumapili. Ijumaa ulipokuja kutoka Chalinze ulikaa jikoni kwangu, ukaegemea ukuta na kusinzia huku kikombe kiko mkononi. Nilipokuuliza, ukaniambia, "Bibi, mimi silali. Nalala lakini silali. Kuna mtu ananilimisha." Nikadhani unatania. Kisha ukasema ni yule mama wa chapati, Mama Salma, ambaye meza yake iko ubavuni mwa kibanda chako cha vocha na makava ya simu pale stendi. Ukasema biashara yake inakwenda, naye hata hachoki, mchana anajilaza kwenye mkeka wake huku watu wakimsubiri. Ukaniomba nikupeleke kwa mganga. Uji nilioushika ukanimwagikia, na ukadhani ni uzee.

Nilikuuliza neno moja tu, "Umemwambia mtu?" Ukajibu, "Bado, bibi." Ukaondoka Jumamosi asubuhi kabla sijapata ujasiri wa kukusimulia, na tangu jana jioni simu yako haipatikani. Najua ni chaji. Najiambia ni chaji. Lakini nakaa hapa nikiwaza kwamba huenda sasa hivi umekaa na wenzako, na jina la yule mama liko kwenye ncha ya ulimi wako. Gari la mananasi linatoka hapa baada ya adhuhuri, nitampa dereva barua hii. Isome kabla hujazungumza na yeyote.

Nikwambie nilivyokuwa nikiishi, uone kama hutajisikia mwenyewe ndani yake.

Somo yangu aliyenifunda aliniambia mke wa watu hakai mama mkwe wake akiwa amesimama. Neno zuri lile, la adabu. Mimi nikalichukua nikalizidisha. Nikawa sikai kabisa, awe amesimama au amelala. Naamka alfajiri, nafagia, nateka maji, nakwenda kupalilia mananasi kabla sijatia kitu tumboni, isipokuwa chai ya rangi. Na chai yenyewe! Nyeusi, kali, sukari inasimamisha kijiko. Nikihisi njaa, nakunywa chai. Nikila muhogo, naushushia na chai papo hapo. Kichwa kikiuma, chai.

Shambani sinywi maji. Shamba la mananasi unalijua, ni uwanja mtupu, majani ya miiba yanakufika magotini, hapana kichaka cha mtu kujisitiri. Nilikuwa naona haya, basi dawa yangu ilikuwa nisinywe ili nisihitaji. Narudi jua limekwishapanda kichwani, midomo imenikauka, nami najisifu moyoni kwamba leo tena sikutoka shambani hata mara moja.

Na kula kwangu kulikuwa kwa mwisho. Samaki akipatikana, kipande kikubwa cha mume kama yupo, kinachofuata cha mama mkwe, kinachofuata cha mgeni, na mgeni hakosekani. Mimi nabaki na mchuzi na ukoko. Bi Mwanahawa akinisogezea kipande, nasema nimeshiba, mama. Nilikuwa muongo wa adabu.

Halafu kuna pemba. Usicheke, na usijifanye hujui, maana Ijumaa ulipofungua mkoba wako kutafuta leso niliuona ule udongo kwenye karatasi, na pembe za mdomo wako zilikuwa nyeupe. Mimi nilikuwa naufunga kwenye pindo la khanga. Nilikuwa napenda harufu yake, kama ardhi iliyonyeshewa mvua ya kwanza. Kipande kimoja asubuhi, kimoja nikiwa nateka maji, na jioni viwili. Wanawake wengi wa pwani wanatafuna wakiwa na mimba, tunaona ni hamu tu ya tumbo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa naitaja methali hiyo kila siku, nikimtazama mama mkwe.

Sasa yeye, Bi Mwanahawa, alivyokuwa akiishi ndiko kulikonitia wazimu. Mwanamke mrefu, mwembamba, haongei sana. Mimi nikimaliza kufagia na kuteka maji, ndipo nielekee shambani, namkuta yeye ameshatoka huko anaosha miguu. Saa nne anakunywa uji, anakula na mihogo yake na mboga. Jua likiwaka anatandika mkeka barazani na kujinyoosha, kando yake kibuyu cha maji, anashushia kidogo kidogo. Mimi nahangaika uani, yeye amelala. Na mananasi yake yanashinda ya kijiji kizima! Nikawa najiuliza, mtu anayelala mchana namna ile, shamba lake nani analilima? Jibu nikalipata miguuni mwangu asubuhi ile.

Nilijaribu kumnasa. Jioni moja, kabla ya magharibi, alipokwisha kuingia ndani, nikanyunyiza majivu mbele ya mlango wake, nikijua akitoka kunijia ataacha nyayo. Kabla ya adhana ya alfajiri, yeye hajatoka, nikaenda mbio na taa kuangalia. Nikakuta nyayo za kuku. Mtu mwenye akili angesema basi, hakutoka. Mimi nikasema, kumbe anageuka kuku. Mwanangu, hofu ikishaingia kichwani haikosi ushahidi, hata kuku aliyetoka kutafuta chenga anakuwa shahidi.

Ningenyamaza hapo, yangekuwa ni ujinga wangu peke yangu. Lakini ulimi hauna mfupa. Tulikuwa kisimani na shoga yangu Mgeni, rafiki wa karibu kuliko wote niliokuwa nao hapa, akaniona nimeketi chini nahema. Akaniuliza una nini. Nikamwambia. Nikamwonyesha na miguu. Nikamalizia kwa neno lile la wapumbavu wote: "Usimwambie mtu."

Haikupita wiki mbili. Mambo yalianza kidogo kidogo, na mimi niliyaona yote. Wanawake waliokuwa wakimpigia Bi Mwanahawa shikamoo kutoka mbali wakawa wanainama kurekebisha ndala zao akipita. Watoto wakaitwa ndani. Kisha ukatokea msiba nyumba ya pili, na kama ilivyo desturi kila nyumba ikapeleka sinia la chakula. Yeye alipika wali wa nazi, na mikono yake kwa wali wa nazi ilijulikana hadi Mkange. Masinia yote yaliliwa. La kwake lilikaa katikati ya jamvi, limefunikwa kwa kawa, wanawake wanalizunguka kama kuna nyoka. Hata mkono mmoja haukuligusa. Jioni alilibeba kichwani akarudi nalo nyumbani, zito kama alivyolipeleka. Mimi nilikuwa nyuma yake. Alisema tu, "Leo watu wameshiba." Akawamwagia kuku.

Nilipaswa kulia siku ile. Badala yake, Mungu anisamehe, nilijisikia afadhali. Nilisema sasa wote wanajua, ataniacha.

Uchovu haukuniacha. Siku ya nne baada ya msiba, nikiwa katikati ya mananasi, nilisikia masikio yanavuma, nikaona mikono yangu ina rangi ya nta, na sikumbuki nilivyoanguka. Nilichokumbuka baadaye ni kichwa changu kiko kwenye paja la mtu na maji yananidondokea mdomoni, na sauti ikisema, "Kunywa, mwanangu. Kidogo kidogo. Kunywa." Nilipofumbua macho nikamwona ni yeye. Nilitaka kupiga yowe, sikuwa na nguvu. Miiba ya majani ilikuwa imemchana mikono yote miwili mpaka viwikoni, kwa kuwa alipita katikati ya shamba bila kutafuta njia.

Alisimamisha gari la mananasi, akanipandisha juu ya mzigo, akapanda na yeye, akanishika njia nzima hadi zahanati. Nesi alinivuta kope ya chini, akatazama, akatikisa kichwa. Pale palipopaswa kuwa pekundu palikuwa peupe kama karatasi. Akaniuliza nakula nini. Nikajibu nakula vizuri. Na hapo, Tatu, ndipo niliposikia aibu ambayo sijaimaliza mpaka leo, maana Bi Mwanahawa alijibu kwa niaba yangu.

"Huyu hali, binti yangu. Anasema ameshiba na hajala. Samaki anamrudisha. Chai anakunywa juu ya chakula, vikombe vitatu, vinne. Maji hanywi mpaka jioni. Na udongo anao hapo, kwenye pindo. Mimi nimemwambia kwa upole nikaona ananiogopa, nikasema nisimzidishie."

Nesi akalifungua pindo mwenyewe. Akaniambia damu yangu ilikuwa chache kiasi cha kutisha, na tumboni kuna kiumbe anayenyonya hiyo hiyo kidogo. Akasema udongo ule unazuia damu kuongezeka na unaweza kuniletea minyoo, na chai kali ikinywewa pamoja na chakula inazuia kile chakula kisifanye kazi yake. Wiki chache zaidi za namna ile, alisema, na mmoja wetu angeondoka, au wote wawili. Alinipima malaria, akanipa vidonge vya damu na dawa ya minyoo. Akamwambia mama mkwe wangu, "Umemwahi, bibi."

Nyumbani nilishindwa kunyamaza. Nilikaa chini barazani, kwa mara ya kwanza nikakaa yeye akiwa amesimama, nikamweleza yote. Kulimishwa, matope, majivu, kisima, Mgeni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitamani anipige.

"Kumbe ni wewe," alisema.

Kisha akaniambia, "Yale matope ni yako. Siku ile ilinyesha, ulirudi kutoka kisimani ukajitupa kitandani bila kunawa miguu. Nilikuja kukuamsha ule, nikakuonea huruma. Na shamba langu nalilima mwenyewe. Nikishaswali alfajiri naingia, jua likipanda natoka, nakula, nalala, kwa sababu mwili huu ndio jembe langu, nikilivunja sina lingine. Wewe umeona mtu anapumzika ukadhani ni mchawi."

Akaingia ndani, akatoka na kipande cha samaki, akakaa mbele yangu hadi nilipokimaliza.

Baada ya miezi miwili nilikuwa mtu mwingine. Nilipanda ngazi ya zahanati bila kuhema. Mama yako akazaliwa mzima, analia kwa nguvu. Ungedhani hadithi imeishia hapo kwa heri.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba, mwanangu. Nilimwambia kila mwanamke kuwa nilisema uongo, kwamba nilikuwa mgonjwa wa damu, kwamba yule mama ndiye aliyeniokoa. Nilianza na Mgeni. Unajua alinijibu nini? Aliniangalia kwa huruma, akanishika mkono, akasema, "Masikini shoga yangu. Amekufunga mpaka unamtetea." Nyumba zote jibu lilikuwa hilo hilo. Kila nilipozidi kumsafisha, ndivyo walivyozidi kuamini. Maji yakimwagika hayazoleki, nilikuwa nimeisikia methali hii tangu utoto, nikaielewa nikiwa na miaka ishirini na moja, nikiwa nimesimama kwenye uwanja wa mtu na mtoto mgongoni.

Aliishi miaka mingi baada ya pale. Wali wake wa nazi tuliula sisi wa nyumbani tu. Hakunikumbusha hata siku moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Alipofariki, tuliokuja kumwosha tulikuwa watatu: mimi, wifi yangu, na mwanamke mmoja mhamiaji ambaye hakujua habari zake. Wengine walikaa nje, wanaogopa kumgusa. Mimi nilimwosha miguu. Nyayo zake zilikuwa na nyufa nene, na ndani ya zile nyufa mlikuwa na udongo wa shamba. Nilisugua kwa maji ya mkunazi, nikasugua tena, haukutoka wote. Nilimzika mama wa watu na udongo wake wa miaka yote. Aliyelilima shamba lile, kila alfajiri, alikuwa ni yeye peke yake, na ushahidi ulikuwa miguuni mwake, si miguuni mwangu.

Sasa nisikilize. Unaamka unaingia stendi bila kula. Saa nne unakunywa ile chupa ya kuongeza nguvu, saa nane nyingine, na moyo unakudunda unasema ni hofu ya uchawi. Maji hunywi kwa kuwa choo cha stendi kiko mbali na hakuna wa kukuangalizia kibanda. Usiku unakula chipsi, kisha unalala na simu usoni mpaka macho yanawaka, halafu unashangaa asubuhi mwili unadai. Na pemba juu yake. Mwanangu, hakuna mchawi anayehitaji kupoteza usiku wake kwako, kazi umeshaimaliza mwenyewe.

Kula kitu kabla hujatoka, hata kiporo cha muhogo na maharage. Mwili haujengwi kwa matofali. Kula mchicha, kisamvu, dagaa, na kipande cha nanasi, maana nimekulea katikati ya mananasi na unayaacha yaozee kwa wengine. Chai ngoja saa nzima ipite baada ya kula, au zaidi. Maji kunywa, na ukitaka kwenda chooni mwombe jirani yako akuangalizie kibanda. Simu iache mbali na mto wako. Udongo utupe leo, ukiona hamu inakuzidi jua ni damu inayoomba msaada. Na uende ukapimwe, kwa sababu uchovu wa kila siku unaweza kuwa na sababu nyingine ambayo mimi mwanamke wa shamba siijui, na mficha maradhi kifo humuumbua. Ukijinyoosha mchana kidogo, jinyooshe. Kupumzika si uvivu, na wala si uchawi.

Lakini hayo yote, hata ukiyachelewesha wiki moja, yatarekebika. Damu iliyopungua inarudi. Neno hilo moja, la kumwita mtu mchawi, halirudi. Kama bado liko mdomoni mwako, limeze. Na kama umeshalitoa, ewe mtoto wangu, kama umeshalitoa usinifiche. Niambie nije haraka zaidi.

Hata hivyo nakuja. Kesho Jumatatu, gari la asubuhi. Tutakwenda wote zahanati ukapimwe, na kabla ya hapo nitakaa kwenye benchi la Mama Salma, mbele ya stendi nzima, nitaagiza chapati mbili na maharage, na wewe utakaa karibu yangu na kula kwa mkono wako wa kulia, watu wakikuona.

Mwenyezi Mungu akupe afya inayokutosha na usingizi unaoshibisha. Akupe ulimi mzito na moyo mwepesi. Akujaalie majirani wema, na akujaalie kuwatambua wangali hai. Amina.

Washa simu, mwanangu.